JE, MPIGA KURA HAELEWI?

Tarehe 27 Novemba 2024 wananchi wa Tanzania Bara walipiga kura. Hawakumchagua Rais. Hawakumchagua Mbunge wala Diwani. Siku hiyo walichagua viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa. Mkoani Dodoma, kura zilipigwa Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na katika Jiji la Dodoma.

Kila uchaguzi wa namna hii unapokaribia, na kila unapokwisha, wanasiasa husema neno moja. Husema kwamba wananchi hawaelewi. Neno hilo husemwa na wanasiasa wa vyama vyote. Husemwa mkutanoni, ofisini, hata chini ya mti wakati wa kunywa chai.

Ndugu msomaji, tulichunguze neno hili. Je, ni kweli kwamba mpiga kura haelewi? Kama ni kweli, ni jambo gani asiloelewa? Na nani alipaswa kumwelewesha?

MANENO YA WANASIASA

Sikiliza vizuri jinsi wanasiasa wanavyosema. Utaona kuwa maneno yao hubadilika kufuatana na wakati.

Kabla ya kura, mgombea huwasifu wananchi. Husema wana akili. Husema wanajua wanachotaka na hawadanganyiki.

Baada ya kura, aliyeshinda husema wananchi wameelewa. Aliyeshindwa husema wananchi hawana uelewa. Wengine husema wamerubuniwa kwa chumvi na pombe. Lakini wananchi ni wale wale. Jana walikuwa na akili. Leo hawana. Je, akili zao zimekwenda wapi kwa usiku mmoja?

Watu wachache wanapojitokeza kujiandikisha, viongozi husema mwamko ni mdogo. Mara chache kiongozi atauliza kwanza: Je, tangazo liliwafikia? Je, kituo kilikuwa karibu? Je, walielezwa uchaguzi huu una faida gani kwao?

Neno "hawaelewi" ni neno jepesi. Anayelisema hujitoa mwenyewe katika lawama. Huacha mzigo wote kwa mpiga kura.

UCHAGUZI HUU NI WA NINI?

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutoelewa jambo ambalo hakuelezwa.

Uchaguzi wa viongozi wa vijiji, vitongoji na mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, umefanyika mwaka 1994, 1999, 2004, 2009, 2014, 2019 na 2024. Kwa kawaida hufanyika mwaka mmoja kabla ya Uchaguzi Mkuu.

Kijijini wananchi huchagua watu wa aina tatu. Humchagua mwenyekiti wa kijiji. Humchagua mwenyekiti wa kitongoji chao. Tena huwachagua wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mjini huchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa.

Halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Wenyeviti wa vitongoji vyote huingia humo.

Mtendaji wa kijiji hachaguliwi kwa kura. Yeye ni mtumishi aliyeajiriwa. Watu wengi huwachanganya mwenyekiti na mtendaji. Wengine hudhani kuwa wanaweza kumwondoa mtendaji kwa kura. Hawawezi. Lakini mwenyekiti wanaweza.

Uchaguzi huu husimamiwa na wizara yenye dhamana ya serikali za mitaa. Tumezoea kuiita TAMISEMI. Makao yake makuu yako Dodoma. Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani husimamiwa na Tume ya Uchaguzi. Hapa ndipo panapoanza mkanganyiko.

MADAFTARI MAWILI

Mwaka 2024 wananchi waliitwa kujiandikisha mara mbili.

Mara ya kwanza waliitwa na Tume ya Uchaguzi. Tume ilikuwa ikiboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Kazi hiyo ilianza Kigoma mwezi Julai 2024, kisha ikaendelea mkoa kwa mkoa. Aliyeandikishwa humo alipewa kadi ya mpiga kura. Kadi hiyo ni ya kumchagua Rais, Mbunge na Diwani.

Mara ya pili waliitwa kitongojini kwao. Hiyo ilikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba 2024. Siku hizo iliandikwa orodha ya wapiga kura wa kitongoji au mtaa. Aliyeandikwa humo hakupewa kadi. Jina lake liliandikwa tu katika orodha. Baadaye majina yalibandikwa ili watu wayakague.

Sasa fikiria mkulima wa mtama. Ana kadi yake ya mpiga kura. Ameitunza vizuri sandukuni. Anasikia kipaza sauti kikisema watu wakajiandikishe. Anajiambia kuwa yeye amekwisha kujiandikisha. Anashika jembe lake na kwenda shambani.

Siku ya kura anafika kituoni na kadi yake mkononi. Jina lake halimo katika orodha. Anarudishwa nyumbani.

Je, mtu huyu ni mjinga? La. Amefikiri sawasawa kwa yale aliyoyajua. Ana kadi, na kadi imeandikwa kuwa yeye ni mpiga kura. Aliyekosea ni yule aliyetangaza "kajiandikisheni" bila kueleza kuwa madaftari ni mawili.

Kumbuka jambo hili, ndugu msomaji. Kadi ya mpiga kura haitoshi kukuingiza katika uchaguzi wa kijiji. Jina lako lazima liwe katika orodha ya kitongoji chako.

MAKOSA SI YA MPIGA KURA PEKE YAKE

Wakati mwingine wasioelewa si wapiga kura.

Mwaka 2014 uchaguzi ulifanyika tarehe 14 Desemba. Wananchi walifika vituoni. Lakini katika baadhi ya maeneo karatasi za kura zilichelewa au zilikuwa na makosa. Uchaguzi huko ukaahirishwa. Baada ya hapo baadhi ya wakurugenzi wa halmashauri walivuliwa madaraka. Wapiga kura walikuwa wamefanya sehemu yao.

Mwaka 2019 uchaguzi ulifanyika tarehe 24 Novemba. Kabla ya siku hiyo, wagombea wengi wa vyama vya upinzani walienguliwa. Walioendesha uchaguzi walisema fomu zilijazwa vibaya. Vyama hivyo vilisema watu wao wameonewa kwa makosa madogo madogo ya maandishi. CHADEMA, ACT-Wazalendo na vyama vingine vikajitoa. Waziri alitangaza kuwa waliorudisha fomu waruhusiwe kugombea, lakini vyama hivyo havikurudi. Sehemu nyingi mgombea wa CCM alibaki peke yake.

Mwaka 2024 vyama vya upinzani vilishiriki. Hata hivyo vililalamika tena kuwa wagombea wao wengi wameenguliwa. Matokeo yalipotangazwa, CCM ilikuwa imepata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti.

Ushindi mkubwa wa namna hiyo huelezwa kwa njia mbili. Upande mmoja husema wananchi wameelewa kazi nzuri. Upande wa pili husema wananchi hawakupewa nafasi ya kuchagua. Lakini jambo moja liko wazi. Mahali penye jina moja tu, huwezi kupima uelewa wa mpiga kura. Mtu huonyesha uelewa wake anapokuwa na watu wawili wa kulinganisha.

JEMBE NA NYUMBA

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1965 nchi yetu ilifanya uchaguzi wa kwanza wa Wabunge chini ya chama kimoja. Wakati huo watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Wapo waliojiuliza: mtu asiyejua kusoma atachaguaje?

Ikapatikana njia. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe. Wa pili alipewa alama ya nyumba. Mpiga kura aliangalia picha, kisha akaweka alama yake.

Wagombea walipelekwa pamoja mbele ya wananchi. Walisimama katika mkutano mmoja. Wananchi waliwauliza maswali. Hawakuruhusiwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi ya ngozi.

Wapo wagombea waliotaka kujinufaisha kwa alama. Mwenye jembe aliona amepata bahati, kwa sababu wapiga kura wengi walikuwa wakulima. Mwenye nyumba naye alisema kila mtu hulala ndani ya nyumba. Walidhani mwananchi atachagua picha.

Matokeo yakawashangaza wengi. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha. Alishindwa huko Mwanza. Amir Jamal alikuwa Mtanzania mwenye asili ya Kiasia. Alishinda huko Morogoro, mahali ambapo wapiga kura wengi walikuwa Waafrika. Wabunge wengi wa zamani walianguka.

Kwa hiyo watu wasiojua kusoma walimwangusha waziri. Watu hao hao walimchagua mtu bila kujali rangi yake. Hawakuchagua jembe wala nyumba. Walichagua mtu.

Kutojua kusoma si kutojua kufikiri.

Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka huo huo palikuwa na uchaguzi. Serikali haikukaa na kusema wananchi hawaelewi. Iliandaliwa kampeni ya masomo kwa redio iliyoitwa "Uchaguzi ni Wako". Watu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakajadiliana. Hiyo ndiyo njia ya kumjibu mtu asiyeelewa. Hukai ukamcheka. Unakaa naye ukamweleza, naye akakueleza.

WAPANGAJI WALIPOSHINDWA KUELEWA

Watu wa Kongwa wana mfano mwingine. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga huko. Walileta wataalamu na matrekta. Hawakuyapa uzito yale ambayo wakulima wenyeji waliyajua kuhusu mvua na udongo wa nchi yao.

Mvua haikutosha. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Karanga hazikuchimbika. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa. Mamilioni ya pauni yalikuwa yamepotea.

Anayedhani mwenzake haelewi huacha kumwuliza. Naye asiyeuliza hana ajifunzalo. Hiyo ni kweli katika kilimo. Ni kweli pia katika siasa.

KWA NINI WENGINE HUCHANGANYA?

Ni kweli kuwa wapo wananchi wasioyajua mambo fulani ya uchaguzi wa kijiji. Lakini kutojua huko kuna sababu.

Wazee wengi wa Dodoma walihamia katika vijiji wakati wa Operesheni ya mwaka 1970 na 1971. Mwaka 1975 ikatungwa Sheria ya Vijiji. Kila kijiji kilichoandikishwa kikapata halmashauri yake. Lakini mwenyekiti wa tawi la TANU ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Baadaye ikawa CCM. Chama na kijiji vilikuwa na kiongozi mmoja.

Mfumo huo ulidumu miaka mingi. Kwa hiyo si ajabu mzee akimwona mwenyekiti wa kijiji kuwa ni mtu wa Chama. Ndivyo alivyozoea. Siku hizi sheria ni nyingine. Mwenyekiti husimamishwa na chama chake, lakini akishachaguliwa ni mwenyekiti wa watu wote wa kijiji. Huwahudumia waliompa kura na waliomnyima.

Je, jambo hili limeelezwa vya kutosha? Wanasiasa wenyewe mara nyingi hawalielezi. Wapo wanaonufaika likibaki bila kuelezwa.

CHUMVI, KHANGA NA POMBE

Wanasiasa husema pia kuwa mpiga kura hununuliwa. Jambo hili lipo. Lakini anayenunuliwa ana mnunuzi. Mnunuzi si mkulima. Mnunuzi ni mwanasiasa.

Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa. Wagombea wakaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura. Jambo hilo likaitwa takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo vya sheria vinapingana na Katiba. Mahakama iliona kuwa takrima humpendelea tajiri na kumwonea maskini.

Mtu akikupa kilo ya chumvi, chumvi itakwisha baada ya wiki chache. Uongozi wake utakaa miaka mitano. Piga hesabu mwenyewe.

Tena jua kuwa kura ni siri. Hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama nyuma yako. Ukiwa ndani ya chumba cha kupigia kura, uko peke yako na karatasi yako.

KUTOKWENDA SI KUTOELEWA

Nchi yetu ya katikati ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Mkulima huandaa shamba lake mwezi Oktoba na Novemba. Akichelewa kupanda, uwele na mtama wake hukosa maji. Nyumba yake hukosa chakula.

Mwezi Oktoba pia ni mwezi wa kiangazi kikali. Malisho ni haba. Wafugaji hupeleka ng'ombe mbali. Akina mama hutembea mwendo mrefu kutafuta maji.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba. Kura ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Mama mwenye ndoo kichwani anaweza kuelewa uchaguzi vizuri sana, lakini asifike kituoni. Mchungaji wa ng'ombe anaweza kumjua mwenyekiti mzuri na mbaya, lakini awe yuko mbali siku hiyo.

Kiongozi mwenye busara hasemi tu kuwa watu hawa hawana mwamko. Hupanga kituo karibu na kisima. Hupeleka habari mapema kwa wafugaji. Hutangaza sokoni, kanisani na msikitini.

WAPO PIA WALIOKATA TAMAA

Wapo wananchi wasiokwenda kupiga kura kwa sababu nyingine. Wanasema hawaoni faida. Wanasema michango wanatoa, lakini mapato na matumizi hawasomewi. Wanasema mkutano mkuu haujaitishwa mwaka mzima.

Mtu kama huyo anaelewa. Anaelewa mpaka amechoka. Ukimwambia haelewi, unamwongezea uchungu.

Lakini, ndugu msomaji, kukaa nyumbani hakumwondoi kiongozi mbaya. Kunamwacha palepale. Kwa hiyo mtu aliyechoka anapaswa kujua nguvu aliyonayo.

NGUVU ULIYONAYO

Kijijini, mamlaka kubwa kabisa ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe wa mkutano huo. Wewe ni mjumbe. Jirani yako ni mjumbe. Huhitaji kadi ya chama chochote.

Mkutano Mkuu unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mahali pa kusomewa mapato na matumizi ya kijiji. Hapo ndipo mahali pa kuuliza fedha za kisima au za darasa zimekwenda wapi.

Jambo la ardhi ni kubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema hivi: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya Mkutano Mkuu. Dodoma sasa ni makao makuu ya nchi. Mwaka 2018 ikawa Jiji. Watu wengi wanatafuta ardhi katika vijiji vya jirani. Mwenyekiti asiye mwaminifu anaweza kuandika muhtasari wa mkutano ambao haukufanyika. Ekari za watoto wako zikaondoka kwa karatasi moja.

Ndiyo maana uchaguzi huu mdogo si mdogo. Rais yuko mbali nawe. Mbunge unamwona mara chache. Mwenyekiti wa kijiji ndiye anayeandika jina lako au asiliandike.

TUFANYE NINI?

Wanasiasa waache kusema "hawaelewi" kana kwamba hapo maneno yamekwisha. Neno hilo liwe mwanzo wa kazi. Waeleze tofauti ya madaftari mawili. Waeleze kazi ya mwenyekiti na kazi ya mtendaji. Wafanye hivyo mapema, wala wasingoje wiki ya mwisho. Wasikilize pia wananchi wanajibu nini.

Nasi wananchi tufanye sehemu yetu. Tuulize. Kuuliza si ujinga. Wakati wa uandikishaji tukajiandikishe kitongojini, hata kama tunayo kadi. Majina yakibandikwa tukayakague. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe au na jirani anayemwamini. Kisha tudai mkutano mkuu kila miezi mitatu, si mwaka wa uchaguzi tu.

Uchaguzi mwingine wa vijiji unatarajiwa mwaka 2029. Siku hiyo atasimama tena mtu mbele yako na kusema una akili. Mwulize swali moja tu: Je, nikikunyima kura, kesho utaniitaje?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, mkutano mkuu ulifanyika lini mara ya mwisho? Je, mlisomewa mapato na matumizi?

2. Kuna tofauti gani kati ya mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji?

3. Kwa nini mtu mwenye kadi ya mpiga kura anaweza kukosa kupiga kura katika uchaguzi wa kijiji?

4. Ni sababu zipi zinazowazuia akina mama na wafugaji wa kijiji chenu kufika kituoni? Mnaweza kufanya nini kuziondoa?